Moshi wa Kipevu ni moshi wa magharibi

Tangu Rais Ruto akiri hadharani mwaka 2025 kwamba kati ya saa kumi na moja jioni na saa nne usiku kuna sehemu za nchi zinakatiwa stima manake haitoshi, nimeona watu wamegawanyika makundi mawili na kila kundi lina hasira zake. Wa kwanza wanasema tumedanganywa na hii habari ya nishati safi, kila siku tunaambiwa asilimia 90 ya stima ya Kenya ni ya mvuke wa ardhini na maji na upepo, sasa mbona tuko gizani, basi mitambo ya dizeli iwashwe kwa nguvu zote na ule mradi wa makaa ya mawe wa Lamu ufufuliwe. Wa pili wanasema asilimia 90 ni kazi imeisha, hiyo kumi iliobaki ni ya wafanyabiashara wenye majenereta waliotukaba shingo, wafukuzwe leo tupumue. Nimewasikiliza wote na naona wamekosea pale pale: wanahesabu megawati, hakuna anayetazama saa. Mitambo ya mafuta iko kwa sababu umeme safi tunao mwingi saa ambayo watu wamelala, na tunao mahali ambapo watu ni wachache. Moshi hautaondoka mpaka tuweze kuuhamisha umeme kutoka saa tisa usiku hadi saa mbili usiku, na kutoka Olkaria na Marsabit hadi Mombasa na Kisumu. Hiyo ndio hoja yangu na nitaifungua polepole, manake ikieleweka vibaya tutatia saini mikataba ya miaka ishirini ya kitu ambacho hakitusaidii jioni.

Nianze na ninachokiona kwa macho. Ukiwa Changamwe, Mombasa, ukatazama upande wa Kipevu kuna mtambo ulioanza kazi mwaka 2011, unaitwa Kipevu III, injini saba, kila moja megawati 17 hivi, jumla megawati 120. Hizo injini ni za aina ile ile inayosukuma meli kubwa. Zinachoma mafuta mazito, yale meusi yanayobaki baada ya petroli na dizeli na mafuta ya taa kutolewa, mazito kiasi kwamba yakipoa hayatiririki, lazima yapashwe moto kwanza ndo yapite kwenye mabomba yafike kwenye injini. Ndani yake kuna salfa, na yakiungua inatoka hewani pamoja na vumbi jembamba la masizi. Mchana mara nyingi utakuta utulivu. Ikifika magharibi, adhana ikilia, taa zikianza kuwaka kuanzia Mikindani mpaka Kisauni na kila nyumba ikawasha televisheni na pasi na feni kwa pamoja, hapo ndo unaona hewa juu ya yale mabomba inatetemeka kwa joto, alafu moshi. Sio kila siku na sio injini zote, ila ukikaa Changamwe muda mrefu unajua zamu zake. Ndio maana nauita moshi wa magharibi, na mtu akishauelewa huo muda amekwisha kuelewa nusu ya tatizo.

Tulifikaje hapa? Kwa miaka mingi stima ya Kenya ilikuwa ya maji, yale mabwawa ya mto Tana, Masinga, Kamburu, Gitaru, Kindaruma na Kiambere, moja chini ya lingine, maji yale yale yanafanya kazi mara tano kabla hayajaelekea Garissa na delta. Mvua ikinyesha ni neema. Ukame wa mwaka 1999 na 2000 ulipokuja mabwawa yakashuka, nchi ikaingia kwenye mgao mkali wa stima, viwanda vikafunga, na serikali ikakodisha majenereta ya dharura. Waliokuwa watu wazima wakati ule hawajasahau. Mtambo wa mafuta wa Tsavo ukaanza kazi pale pale Kipevu mwaka 2001, na hofu hiyo ikazaa mikataba mingine: Rabai megawati 90 ikafuata, alafu Thika, alafu Athi River. Haikuwa ujinga. Nchi iliyochomwa na ukame inatafuta kitu ambacho unaweza kukiwasha bila kumuomba mtu wala mawingu, na jenereta ni hivyo, unalijaza mafuta linanguruma. Tatizo ni kwamba lililoletwa kama ndoo ya kuzima moto likageuka fanicha ya nyumba.

Wakati huo huo kule Naivasha kazi nyingine ilikuwa inaendelea kimyakimya. Olkaria ilianza mwaka 1981 na mashine moja ya megawati 15, mtambo mkubwa wa kwanza wa mvuke wa ardhini katika Afrika. Wanachimba visima vya kilomita mbili hadi tatu kwenda chini, wanakutana na maji yaliyochemshwa na miamba ya moto, mvuke unapanda wenyewe na kusukuma turbaini, hausubiri mvua, hausubiri upepo, hauna usiku wala mchana. Leo mvuke ndio mama wa stima yetu, zaidi ya megawati 900, na ndio unaotoa fungu kubwa kuliko chanzo kingine chochote. Ukaongezeka upepo wa Loiyangalani kule Marsabit, ule mradi wa Ziwa Turkana, mwaka 2018, mashine 365 zenye megawati 310, kisha stima ya kununua kutoka Ethiopia mwishoni mwa 2022, megawati 200. Ukijumlisha unapata ile asilimia 90 inayotajwa kwenye mikutano, na ni kweli, sio propaganda. Mitambo ya mafuta imebaki na kama asilimia 8 hadi 10 ya umeme wote unaozalishwa kwa mwaka. Ila huo ni wastani wa mwaka mzima, na hakuna anayepika wala kunyoosha nguo kwa wastani wa mwaka.

Hebu fikiria saa tisa usiku. Matumizi ya nchi nzima yameshuka hadi karibu nusu ya yale ya jioni. Upepo wa Turkana, ambao kwa tabia yake huvuma sana usiku na alfajiri, unasukuma mashine vizuri kabisa, na mkataba wake unasema umeme ukipatikana ulipiwe. Maji yanaweza kuzuiwa bwawani, hiyo sawa. Mvuke je? Kisima cha mvuke sio bomba la jikoni ufunge na kufungua unavyotaka, ukikifunga funga unaweza kukiharibu, kwa hivyo wanapunguza mashine na ule mvuke unaachiliwa hewani. Yaani kuna usiku Olkaria inapumua mvuke bure kwenye baridi ya Naivasha, moto tuliokopa pesa kuuchimbia, na masaa machache kabla yake Kipevu na Rabai na Thika walikuwa wanachoma mafuta yaliyonunuliwa kwa dola. Nikilifikiria hili roho inaniuma kweli. Nchi hii hii, usiku huu huu. Anayesema hatuna umeme safi wa kutosha aende akasikilize Olkaria saa tisa usiku, na anayesema kazi imeisha aje asimame Changamwe saa moja jioni.

Na hiyo gharama mwananchi anailipa bila kujua. Shangazi yangu anauza barafu na maji baridi Likoni, siku moja akanionesha meseji ya tokeni kwenye simu yake akaniuliza, mbona nimetia pesa zile zile na yuniti zimepungua, kwani bei imepanda lini? Nikamwonesha pale chini, pesa imegawanywa mara mbili, za tokeni na za makato mengine. Ndani ya hayo makato kuna gharama ya mafuta, ambayo EPRA, mamlaka ya serikali inayosimamia nishati, huitangaza kila mwezi, mitambo ikichoma zaidi inapanda, kuna ya ubadilishaji wa dola, kuna kodi na ada nyingine. Ukame ukija, mafuta yakipanda bei duniani, shilingi ikianguka, yote yanamfikia mama wa Likoni kabla hayajamfikia mtu yeyote mwenye ofisi. Kwa hivyo mtu akiniambia Kenya inachafua hewa ya dunia kidogo sana kwa hivyo mambo ya kuhama kutoka mitambo ya mafuta ni ya wazungu, namjibu kwa hiyo meseji. Ni kweli hatukuliharibu anga sisi. Lakini mafuta mazito yanaingia bandari ya Mombasa kwa dola, moshi wake unavutwa na watoto wa Changamwe, na malipo yanatoka kwenye barafu ya shangazi. Hata kama kusingekuwa na neno tabianchi, hesabu ingekuwa hiyo hiyo.

Sasa hoja za wanaotetea mitambo ya mafuta, na nataka niwape haki yao manake wana ukweli mkubwa. Wanasema upepo unakata ghafla, mvua inakosekana, na umeme hauhifadhiki kama mahindi kwenye gunia. Ni kweli. Tarehe 25 Agosti 2023 nchi karibu yote iliingia gizani, mpaka uwanja wa ndege wa Jomo Kenyatta. Kenya Power ilisema mtambo wa upepo wa Turkana ulitoka ghafla ukiwa na megawati 270, wenye mtambo wakasema shida ilianzia kwenye gridi, yaani mtandao wa nyaya za umeme wa nchi. Nani mkweli tuwaachie mafundi, lakini vyovyote ilivyokuwa jambo moja liko wazi: gridi ilikuwa dhaifu, haikuweza kubeba mshtuko. Na kwenye ukame wa 2022 mabwawa yaliposhuka, majenereta ndiyo yaliyojaza pengo. Huyo fundi anayesema usizime jenereta kabla hujapata kitu cha kushika mahali pake namheshimu na nakubaliana naye. Ninachokataa ni kulifanya hilo pengo kuwa sababu ya kukaa na moshi milele, wakati pengo lenyewe tunalijua upana wake: masaa manne au matano kwa siku, na sehemu mbili tatu za nchi.

Hoja dhaifu kuliko zote ni ile ya makaa ya mawe, na inarudi kila stima ikipotea kwa hivyo tuimalize. Wanasema laiti Lamu ingejengwa leo tusingelala giza. Mradi ule ulikuwa wa megawati 1,050 pale Kwasasi. Watu wa Lamu wakaenda kwenye NET, baraza la taifa la kuamua kesi za mazingira, na Juni 2019 leseni ikafutwa kwa sababu wananchi hawakushirikishwa inavyotakiwa na tathmini ya mazingira ilikuwa na mapungufu, na Oktoba 2025 mahakama ya Malindi ikashikilia uamuzi huo huo. Lakini weka sheria kando, chukua hesabu tu. Mwaka 2019 kilele cha matumizi ya nchi nzima kilikuwa hakijafika megawati 2,000. Mtambo mmoja zaidi ya nusu ya nchi! Na mtambo wa makaa ni mzito, boila yake inachukua masaa mengi kupata moto, ukishauwasha unataka uende mchana na usiku, haukubali kuitwa saa kumi na mbili jioni na kuambiwa lala saa nne. Saa tisa usiku ungekuwa unagombania nafasi na mvuke wa Olkaria, na kwa aina ya mikataba ile tungeulipa uwe umetoa stima au haujatoa. Makaa yenyewe kwa miaka ya mwanzo yangetoka Afrika Kusini kwa meli, dola tena. Kwa hivyo hata tukisahau samaki, mikoko, hewa na mji mkongwe wa Lamu wenye karne na karne, ule mradi ulikuwa jibu la swali ambalo Kenya haikuuliza. Shida yetu ni ya jioni, wao walituletea mtambo wa usiku kucha.

Kundi la pili, wanaotaka wenye mitambo wafukuzwe, nawaelewa hasira zao. Mkataba wa kawaida wa mtambo wa mafuta una malipo mawili, moja la kuwepo na kuwa tayari, lingine la umeme uliozalishwa, na juu yake mafuta yanapitishwa moja kwa moja kwa mteja. Jopo lililoundwa na Rais Uhuru Kenyatta mwaka 2021 chini ya John Ngumi liliichambua hiyo mikataba na likapendekeza mabadiliko mengi. Lakini kuvunja mkataba wenye barua za serikali nyuma yake ni kwenda kulipa fidia kwenye mahakama za usuluhishi huko ng'ambo, pesa ambayo ingejenga laini. Na kuna mfano wa hapa hapa nyumbani unaonesha njia iliyo bora. Tsavo Power, megawati 74, mkataba wake wa miaka 20 uliisha Septemba 2021, ukaachwa uishe, mtambo ukazimwa. Pwani haikuanguka. Kwa nini? Naona sababu kubwa ni kwamba mwaka 2017 ile laini kubwa kutoka Nairobi hadi Mombasa, kilomita karibu 480, ilikuwa imeshawashwa, ikaanza kuleta stima ya bara mpaka Rabai. Laini ilitangulia, jenereta likafuata kuondoka. Ukigeuza huo mpangilio unapata mgao.

Hapa kwenye laini nitakaa kidogo manake ndio sehemu ambayo wanasiasa hawapendi kukaa. Hakuna anayekata utepe kwenye nguzo. Mashine za upepo za Loiyangalani zilikuwa zimesimama tayari mwaka 2017, zote, na zikakaa hivyo kwa sababu laini ya kutoka huko hadi Suswa, zaidi ya kilomita 400, haikuwa imeisha, kampuni ya Uhispania iliyopewa kazi ilifilisika njiani, na stima ikaanza kupita Septemba 2018. Muda wote huo mkataba ulitaka walipwe, wakalipwa mabilioni ya shilingi kwa upepo uliopita bure. Nchi ilikuwa na umeme safi na haikuwa na waya. Magharibi ya nchi ni hadithi hiyo hiyo hadi leo: ukitazama ramani Kisumu haiko mbali na Olkaria, lakini laini zinazoelekea huko jioni zinabeba kupita uwezo wake, kwa hivyo wanazima mitaa kwa zamu, au wanawasha mtambo wa mafuta wa Muhoroni ili kushikilia nguvu ya umeme isianguke. Muhoroni haichomi mafuta kwa sababu Kenya imeishiwa mvuke. Inachoma kwa sababu mvuke haufiki. Mwaka 2024 kulikuwa na ule mpango wa laini na kampuni ya Adani ya India, dola milioni 736, ukafutwa na Rais Novemba mwaka huo huo kwa tuhuma zilizotokea Marekani, na mimi sikuulilia ule mkataba, jinsi ulivyofichwa ilitosha kuukataa. Ila kukataa mkataba mbaya hakujajenga nguzo hata moja, Kisumu bado inasubiri.

Alafu kuna upotevu. Zaidi ya asilimia 20 ya umeme ambao Kenya Power inanunua haufiki kwenye mita inayolipwa, mwingine unageuka joto kwenye nyaya chakavu na transfoma zilizoelemewa, mwingine unaibiwa. Weka hiyo namba kando ya ile ya mitambo ya mafuta, 8 hadi 10. Tunapoteza umeme mara mbili ya ule tunaoupata kwa kuchoma mafuta. Haimaanishi ukikomesha wizi jenereta zinazimika kesho, nyaya zote duniani zinapoteza kiasi fulani, lakini ukirekebisha hata nusu yake, hasa jioni ambapo nyaya zimebanana na ndo zinapoteza zaidi, umepata mtambo mzima bila kuchimba kisima wala kusimamisha mnara.

Wengine wanasema jibu ni sola, jua letu ni la bure, na kweli viwanda vingi na hoteli na maduka makubwa yameshajiwekea paneli juu ya paa. Napenda hiyo. Lakini jua linazama saa kumi na mbili na nusu, kilele kinaanza saa hiyo hiyo. Kila paneli inayowekwa kiwandani inapunguza mahitaji ya mchana na kuacha ya jioni vile vile, mlima unazidi kuwa mkali, na kupanda mlima mkali ndo kazi ambayo jenereta linaipenda. Sola inasaidia jioni kwa njia mbili tu. Ya kwanza ni betri. California walikuwa na shida hii hii kwa ukubwa wa kutisha, jua tele mchana na gesi ikiungua jioni, wakajenga betri kwa kasi, na jioni moja ya Aprili 2024 kwa muda mfupi betri ndizo zilizokuwa chanzo kikubwa kuliko vyote kwenye gridi yao, megawati zaidi ya 6,000. Sisi hatuhitaji hata sehemu moja ya kumi ya hizo kubadilisha jioni ya Mombasa. KenGen, kampuni kubwa inayozalisha stima yetu, ina mpango wa betri za megawati 100 na ningependa kuona watu wanaoandamana kwa ajili ya bei ya stima wakiuliza umefika wapi.

Njia ya pili ni rahisi zaidi na tunayo tayari, ni yale mabwawa ya Tana. Bwawa ni betri ya zamani. Kila saa ya mchana ambayo jua linabeba mzigo, maji ya Masinga na Gitaru yanaweza kukaa yakasubiri, jioni yakaachiliwa yote kwa pamoja. Gitaru peke yake ina megawati 225. Mabwawa tayari yanafanya sehemu ya kazi hii, lakini ukiongeza sola kubwa mchana, maji yanayobaki ya jioni yanakuwa mengi, na mwaka wa ukame unaumia kidogo. Ukiitazama hivi sola inageuka kuwa njia ya kuweka akiba ya maji. Ina mpaka wake, mafuriko kama ya 2024 yakija bwawa linafurika utake usitake, na watu wa delta ya Tana wana haki ya mto wao ambayo haifutwi na ratiba ya stima ya Nairobi.

Na usiku je, ule mvuke unaomwagwa? Hapo kazi ni kuhamisha watumiaji badala ya umeme. Desemba 2017 viwanda vilipewa nusu bei kwa matumizi ya ziada ya usiku, na mwaka 2023 EPRA ikaweka bei maalumu ya kuchaji magari na pikipiki za umeme, shilingi 16 kwa yuniti na 8 saa za usiku. Naona watu wanaichukulia kama zawadi kwa matajiri wenye magari ya umeme, na hawajaiona boda boda. Pikipiki ya umeme ikichajiwa saa nane usiku inakula mvuke wa Olkaria ambao ungepotea, na mchana mwenye nayo hanunui petroli. Ikichajiwa saa moja jioni inakula mafuta ya Kipevu, moshi umehama tu kutoka Mwembe Tayari hadi Changamwe. Chombo kile kile, mtu yule yule, tofauti ni saa. Hili kampuni za boda za umeme zinalijua, wizara inalijua, lakini mteja wa kawaida mwenye friza na pampu ya maji bei yake ni moja usiku na mchana, hana sababu yoyote ya kusubiri. Shangazi yangu angegandisha barafu usiku wa manane kwa furaha kama mita yake ingemwambia ni nafuu.

Kuna jambo ambalo sisi tunaopenda nishati safi tunalikwepa, nalo ni ardhi ya watu. Mradi wa upepo wa Kinangop, megawati 60, ulikufa mwaka 2016 baada ya wakulima kuupinga, na maandamano yale yalimwaga damu. Kule Marsabit mahakama ya Meru iliamua mwaka 2021 kwamba ardhi ya ule mradi mkubwa wa upepo haikupatikana kwa kufuata sheria, ekari 150,000. Familia za Kimaasai zilihamishwa kupisha Olkaria IV na malalamiko yao yakafika hadi Benki ya Dunia. Kila mradi safi unaokwama kwa dhuluma ni miaka mingine mitano ya Rabai na Thika kuunguruma. Na kwa upande wa pili wapo mafundi wa Kipevu wenyewe, vijana wa pwani walioajiriwa kwenye zile injini. Afrika Kusini walifunga kituo cha makaa cha Komati Oktoba 2022, na mji uliokuwa unaishi kwa kile kituo ukabaki unauliza ajira mpya ziko wapi, mpaka wengi wakaichukia kabisa habari ya nishati safi. Betri zikija Kipevu, mafundi wawe wale wale waliokuwa wakipasha mafuta, wafunzwe kabla injini hazijazimwa, manake gridi pale ipo, ardhi ipo, transfoma zipo, na ujuzi wa umeme mkubwa wanao.

Sasa kwa nini naandika leo? Kwa sababu Novemba 2025 bunge liliondoa zuio la mikataba mipya ya kununua umeme, zuio lililokaa miaka kadhaa, na makampuni yamepanga foleni kila mmoja na megawati zake. Kilele chetu kimepita megawati 2,300 na kinapanda, kwa hivyo mitambo mipya inahitajika, silipingi hilo. Swali la kuulizwa kila anayeingia ofisini na karatasi zake ni moja: huu umeme wako unatoka saa ngapi, na unapita laini gani? Ukiwa wa mchana bila betri, bei yake iwe ya mchana. Ukiwa wa usiku, tuna mvuke tayari. Ukiwa wa saa moja jioni, na uko upande wa Kisumu au Mombasa, huyo mpeni kiti akae, huyo ndiye anayezima jenereta. Na malipo ya kuwepo tu bila kutoa stima yasifichwe kwenye kiambatisho, yasomwe bungeni kwa shilingi.

Mtambo wa Rabai ulianza kazi kati ya 2009 na 2010 kwa mkataba wa miaka 20. Ina maana karibu mwaka 2030 mtu ataweka karatasi mezani aombe nyongeza ya miaka mitano, na sababu atakazotoa tunazijua: jioni ya pwani, laini haitoshi, betri hazijafika, watalii wako hotelini, viwanda vya Mariakani vinategemea. Akizikuta zote bado ni za kweli atapewa sahihi, na haki yake. Laini kubwa inachukua miaka minne mitano kujengwa hapa kwetu, betri chini ya miwili. Kazi ya kumnyima zile sababu inatakiwa iwe imeanza mwaka huu.